Fuvu Ukutani

Ladan aliingia studio bila viatu. Katika miaka sita waliyofanya kazi kwenye veranda moja, Sellah Nabwile hakuwahi kumwona jirani yake akikanyaga simenti kwa miguu mitupu, kwa hiyo alijua kuna jambo kabla ya kuambiwa. Ladan aliuza madera na mashuka mlango wa pili, hatua chache kutoka msikiti wa Bungoma, na alikuwa mtu wa kujipanga. Siku hiyo ya Jumatatu mtandio wake ulikuwa umeteleza hadi mabegani na hakuwa na habari.

"Mama Joy, ile picha ya Mulki bado iko?"

"Ile ya pasipoti? Iko kwa kompyuta. Kwani?"

"Mulki hapatikani."

Mtoto alikuwa na miaka sita. Alitoka chekechea saa sita, akapita kwa mama yake akanywa uji, akatoka nje kucheza. Saa nane Ladan alimwita na hakuitika. Sasa ilikuwa saa kumi. Alikuwa amekwenda kwa kaka yake Adow, akaenda zahanati, akaenda stendi, kisha akapiga magoti nyuma ya soko kuangalia ndani ya kalvati la mtaro. Alipotaja kalvati sauti yake ilikatika.

Sellah aliifungua picha: kitoto chenye hijabu nyeupe, jino la mbele limeng'oka, kikijitahidi kutocheka kwa sababu kilikuwa kimeambiwa pasipoti haitaki kucheka. Akaandika AMEPOTEA kwa herufi kubwa, akaweka namba ya simu ya Ladan, na chini kabisa, kwa mazoea ya kazi, akaacha maneno yanayojiandika kwenye kila karatasi yake: Picha na Nabwile Studio. Akachapisha arubaini. Ladan alipofungua pochi, Sellah aliurudisha mkono wake.

"Wacha hiyo. Twende tukabandike."

Walibandika mpaka giza lilipoingia, kwenye nguzo za stima, kwenye kuta za maduka, kwenye lango la msikiti na la kanisa. Usiku Sellah alituma picha hiyo kwenye kila kundi la simu alilokuwemo, likiwemo la wapenzi wa muziki wa roki wa Kitale, watu ambao kwa kawaida walitumiana vichekesho na bei za nyuzi za gitaa.

Maana roki ndiyo iliyokuwa kazi yake ya pili, au ya kwanza, ikitegemea unamuuliza nani. Siku za wiki alipiga picha za pasipoti, harusi na matanga. Jumamosi alipanda kwenda Kitale kupiga picha bendi za roki. Alianza miaka kumi na mmoja iliyopita, alipotumwa huko kwenye harusi na kusikia, nyuma ya ukuta wa ukumbi, kelele iliyomtetemesha kifua. Alimwacha bwana harusi akikata keki akaenda kuchungulia. Alikuta vijana wanne wamelowa jasho, na mbele yao mwanamume mrefu kutoka Mlima Elgon akipiga ukelele kana kwamba anamfukuza fisi. Huyo alikuwa Chesang. Siku za wiki alikuwa mtaalamu wa kupandisha ng'ombe kwa mrija wa mbegu, akizunguka mabomani na pikipiki. Tangu siku hiyo hakuna bendi ya roki iliyopanda jukwaani katika eneo lile bila Sellah kuwa chini yake, amepiga goti, lenzi ikielekea juu.

Picha zake zilikuwa zimefika mbali kuliko yeye. Nyingine zilitundikwa kwenye maonyesho Nairobi. Moja ilikuwa jalada la albamu ambayo watu wa Polandi waliinunua, wakamwandikia barua kumwuliza alitumia taa gani. Hakutumia taa, lilikuwa jua la saa kumi. Katika picha hiyo Chesang amepakwa majivu na makaa usoni, kinywa wazi, ameinua kwa mikono miwili fuvu la ng'ombe lenye pembe zake, ng'ombe aliyekufa kwa ugonjwa katika boma moja la Kiminini. Sellah aliichapisha kubwa kama mlango akaitundika studioni. Mumewe Jotham alikuwa akisema kwa utani kwamba picha yao ya harusi iko ndani ya kabati huku Chesang akipewa ukuta mzima.

Mama yake Jotham hakufanya utani. Phelista alikuwa ametoka Bumula mwezi wa sita kuja kutibiwa magoti, akalala chumba kimoja na mjukuu wake Joy. Nyumba ilikuwa nyuma ya studio, na kila jioni mwanamke yule mzee alipita akiburuta miguu, akafunika ile picha kwa leso. Kila asubuhi Sellah aliitoa leso, akaikunja vizuri na kuirudisha kitandani kwa mama mkwe. Hakuna aliyewahi kulitaja jambo hilo.

*

Jumanne saa nne asubuhi Joy alirudi kutoka shuleni peke yake, na begi mgongoni.

"Uko mgonjwa?" Sellah aliuliza.

"Hapana. Mwalimu amesema nipumzike nyumbani kwanza."

"Upumzike nini?"

Msichana, aliyekuwa na miaka tisa, aliliweka begi chini polepole. Hakuwa analia. Ingekuwa nafuu kama angelia.

"Mama, ati sisi tunakula watu?"

Sellah alicheka kwanza, kile kicheko kinachotoka kabla akili haijafika. Kisha akamvuta mtoto karibu na kumwuliza nani amesema. Joy alisema ni wote. Walikataa kukaa naye deski moja. Mmoja alisema mama yake ndiye aliyempiga Mulki picha, na ukipigwa picha na yeye jina lako linapelekwa Kitale, huko wanakonywa damu kwa ngoma.

Jotham alifika mchana akiwa hajavua aproni ya agroveti alikofanya kazi ya kupima mbegu na mbolea. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na siku hiyo ilikuwa chini zaidi.

"Kuna mama amekataa nimpimie mahindi," alisema. "Ati anangoja yule mwingine."

"Wanasemaje, Baba Joy? Niambie yote."

"Wanasema uko na kichwa ya mtu kwa ukuta."

"Si ni ya ng'ombe! Iko na pembe!"

"Sasa hapo kwa pembe ndio wanasema."

Alimpa simu aone. Mtu alikuwa amepiga picha ile karatasi ya Mulki, akachora duara jekundu kuzunguka jina la studio, akaandika: Mbona ni yeye alikuwa na picha tayari? Chini yake majibu yalikuwa yamepangana kama matofali. Mmoja alisema alishawahi kumwona amevaa nguo nyeusi tupu. Mwingine alisema hao wa roki huapa kwa damu ya mtoto. Wa tatu aliandika kitu ambacho Sellah alikisoma mara mbili: Hata mama mkwe wake analia kanisani, nyumba hiyo si nzuri.

Aliinua macho. Phelista alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango akichagua mchele. Vidole vyake vilikuwa vimesimama.

"Mayi," Sellah alimwita kwa lile neno la mama, kwa heshima, kama alivyomwita siku zote. "Uko sawa?"

"Magoti tu," Phelista alijibu, akaanza tena kuchagua.

*

Jumatano asubuhi mwenye ploti alikuja. Wanyoike alikuwa mzee mnene mwenye kofia ya sufu, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akiingia studio kwa kelele za salamu. Safari hii alisimama kizingitini akaangalia ukuta.

"Mimi sina shida na wewe, mama. Umelipa vizuri siku zote. Lakini hii nyumba nilijenga na pensheni. Wakichoma, mimi nitaambia watoto wangu nini?"

"Nani anachoma, mzee?"

"Sijasema kuna mtu anachoma. Nimesema wakichoma." Alikohoa. "Toa hiyo kitu, bana. Tafadhali."

Sellah alitaka kukataa. Maneno yalikuwa mdomoni: kwamba ni kazi yake, kwamba ni ng'ombe, kwamba kila anayemsema vibaya katika mji huu ana picha yake ndani ya kabati la nyumbani. Lakini usiku hakuwa amelala, na alipomwangalia Wanyoike aliona mzee huyo anatetemeka mashavu. Wakasaidiana kuishusha, mmoja huku, mwingine kule. Waliiingiza stoo na kuigeuzia ukutani. Mahali ilipokuwa palibaki mraba mweupe mkubwa ambao hakuna ambaye asingeuona akiwa barabarani.

Kufika saa sita habari zilikuwa zimebadilika. Sasa walisema: ameficha kichwa.

Alimpigia Chesang. Nyuma ya sauti yake alisikia ng'ombe na mtu akimwambia amshike vizuri.

"Sellah, sasa. Niko kwa boma, nina mkono ndani. Ongea tu."

Alimweleza.

"Nikuje? Nikuje niwaonyeshe? Ile fuvu bado iko kwa stoo yangu, naeza ibeba..."

"Usikuje! Na usibebe kitu chochote, nakuomba!"

"Basi wewe kuja huku. Leta mtoto." Akashusha sauti. "Hata huku imefika. Mzee mmoja Kiminini asubuhi amekataa niguse ng'ombe wake. Miaka nane nimepandisha hiyo boma."

Mtu huyo ambaye jukwaani aliwafanya watu mia tatu warudi nyuma hatua moja, sasa alikuwa ananong'ona ndani ya zizi. Sellah alikata simu akafunga mlango wa studio. Kisha akafanya jambo ambalo hakulielewa hata yeye: alichukua kamera yake, akaifunga kwa karatasi za nailoni mbili, akaizika katikati ya pipa la unga wa mahindi jikoni.

*

Walikuja saa tisa, jua likiwaka. Kwanza walikuwa bodaboda sita, wakasimamisha pikipiki mbele ya veranda bila kuzima injini. Baadaye wakaongezeka waliotoka sokoni, na waliokuwa wanapita tu, na wanawake wenye vikapu, na wanafunzi wenye sare. Sellah aliwachungulia kupitia tundu la pazia la nyumba ya nyuma, kwa uchochoro uliopita kando ya studio. Aliwajua. Huyu alimpiga picha akivishwa pete. Yule alimpiga akiwa amemlalia babaye jenezani, na alikataa kuuza picha hiyo kwa mtu mwingine yeyote kwa sababu ilikuwa ya uchungu mno. Huyo ndiye aliyekuwa mbele kabisa, kijana wa bodaboda aitwaye Hesbon, buti ndefu miguuni, akigonga mlango wa studio kwa kiganja.

"Fungua mlango! Tunataka kuangalia tu!"

"Mama Joy, toa mtoto!" sauti ya mwanamke ikalia kutoka nyuma. "Toa mtoto wa watu!"

Sellah alipiga simu kituo cha polisi. Akaambiwa watu watatumwa. Alimpigia Jotham, Jotham alikuwa ameshatoka kazini anakimbia, alisikika akihema. "Usifungue. Napitia nyuma kwa shamba. Usifungue hata wakikuambia nini." Joy alikuwa chini ya meza amejikunja, mikono masikioni. Ndipo jiwe la kwanza lilipogonga bati. Halikuwa kubwa. Lilibingirika juu ya paa taratibu, Sellah na mama mkwe wakilifuata kwa macho darini, mpaka likaanguka upande wa pili. Halafu yakaja mengine.

Phelista alikuwa ameketi kitandani, leso mkononi. Alisema kitu, na kwa kelele ile Sellah hakusikia.

"Unasema nini, Mayi?"

"Ni mimi."

"Nini ni wewe?"

"Ni mimi nilisema. Kwa ushirika wa akina mama, Alhamisi iliyopita. Waliuliza nani yuko na ombi. Nikasema mke wa mwanangu ni mtu mzuri, lakini ameweka shetani kwa ukuta, na anaenda kumwona kila Jumamosi. Nikalia." Machozi yalikuwa yanamtoka sasa. "Nilitaka wakuombee tu, Sellah. Mungu ananiona. Mulki alikuwa hajapotea bado."

Sellah alimtazama. Alitafuta hasira ndani yake na hakuipata. Hofu ilikuwa imechukua nafasi yote. Alichoweza kusema kilikuwa, "Kaa mbali na dirisha."

Lakini Phelista hakukaa. Aliinuka kwa kushika ukuta, akavuta kitasa, na kabla Sellah hajamfikia alikuwa ameshatoka uchochoroni, anachechemea kuelekea kwenye watu, leso imeinuliwa juu kama mtu anayeomba nafasi ya kusema mkutanoni. Sellah alimfuata mpaka mlangoni, akaishia hapo. Ni jambo alilolionea aibu maisha yake yote, kwamba alisimama pale, mkono umeshika fremu ya mlango, akamwacha mwanamke wa miaka sabini na mbili aende peke yake.

Watu walimpisha. Walimjua, walimheshimu.

"Wanangu," Phelista alisema, "mimi ndiye nilianza hii maneno. Nilikosea. Hiyo picha ni ya ng'ombe. Mimi nimeishi ndani ya hii nyumba miezi mitatu, nakula mkono wa huyu msichana, ananiosha magoti na maji ya moto. Hakuna mtoto hapa. Kama mnataka kupiga mtu, mimi ndio huyu."

Kwa muda wa pumzi mbili au tatu ilikuwa kana kwamba imetosha. Mwanamke mmoja alikuwa ameanza kushusha kikapu chake. Kisha mtu nyuma, ambaye hata baadaye hakuna aliyetaka kumtaja, alipaza sauti:

"Hata huyu bibi, kukhu wetu, wamemfunga akili! Si mnaona?"

Basi ikawa kama ukuta umeanguka. Walimpita Phelista. Hawakumpiga, walimzunguka tu kama maji yanavyozunguka jiwe, akabaki katikati akigeuka huku na huku. Mlango wa studio ulivunjika kwa teke la tatu. Vioo vilisikika. Kompyuta ilitolewa ikiburuta nyaya zake, mashine ya kuchapisha ikarushwa barabarani, halafu yakaja makasha ya picha, miaka kumi na mmoja, harusi na matanga na roki pamoja, yakamwagwa kwenye lami. Mwisho wakaitoa ile kubwa. Walipoigeuza na kuona pembe, umati wote ulipiga yowe, na katika yowe hilo Sellah alisikia hofu ya kweli. Walikuwa wanaogopa. Walimwogopa yeye. Hakuna jambo lililomtisha siku ile zaidi ya hilo, kwa sababu mtu anayekuogopa hakuna unachoweza kumweleza.

Hesbon alifungua mfuniko wa tangi la pikipiki yake. Petroli ikamwagwa, moto ukawashwa. Uso wa Chesang ulijikunja kutoka kona ya chini.

Jotham aliruka ua wa nyuma wakati huo huo, suruali imechanika, akamvuta mkewe ndani na kuubana mlango kwa bega. "Joy yuko wapi? Mama yuko wapi?" Alipoambiwa mama yuko nje, aliangalia mlango, akaangalia mkewe, akaangalia mtoto chini ya meza. Hakujua amshike nani. Alisimama katikati ya chumba mikono imefunguka, akilia kama mvulana.

"Twende nyuma! Bado kuna nyumba huko!" mtu alipiga kelele, na hatua zikaanza kuingia uchochoroni.

Ndipo Ladan alipotokea. Alikuwa anakimbia kutoka upande wa msikiti, simu ameinua juu, kaka yake Adow nyuma yake akiwasukuma watu kwa mabega. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja na mwanzoni hakuna aliyemwelewa.

"Amepatikana! Mulki amepatikana! Sikizeni, nyinyi! Yuko Malakisi!"

Aliweka simu spika. Sauti ya mwanamke mzee, mkulima wa tumbaku, ikasikika ikikwaruza. Mtoto huyo alikuwa ameshukia sokoni kwao Jumatatu jioni kutoka kwenye kanta, lori dogo lililobeba marobota ya mitumba. Alikuwa amepanda kucheza, akasinzia kati ya marobota, dereva akafunga turubai bila kumwona. Kwa woga alikuwa analia tu na kusema lugha ya kwao, ambayo hakuna aliyeijua. Bibi huyo alimlaza kwake siku mbili. Leo mjukuu wake alikuwa ameona picha kwenye simu. Kisha sauti ndogo ikamwita mama kwa Kisomali, "Hooyo?" na Ladan akaketi chini barabarani palepale.

Watu walipiga makofi. Mwanamke mwenye kikapu alianzisha wimbo wa kumshukuru Mungu, wengine wakaupokea, wakaimba wakiwa wamezunguka ule moto, kwa furaha ya kweli, wengine wakikumbatiana. Bodaboda watatu walijitolea kumpeleka Ladan Malakisi bila malipo. Ndani ya robo saa barabara ilikuwa tupu. Hakuna aliyeangalia upande wa uchochoro, ambako Phelista alikuwa ameegemea ukuta, leso imeanguka miguuni. Moto uliendelea kula picha taratibu. Askari wawili walipofika waliuliza kama kuna aliyeumia. Jotham alisema hakuna.

*

Ladan alimleta Mulki kesho yake. Mtoto alikuwa na gauni jipya kutoka kwa yule bibi na hakuelewa kwa nini mama yake anamshika mkono kwa nguvu hivyo.

"Sijui niseme nini, Sellah," Ladan alisema, akiangalia mlango uliopigiliwa mbao. "Picha yako ndio imemleta. Nimeambia kila mtu."

"Wanasemaje?"

"Wanasema ni Mungu."

Wanyoike naye alikuja, kofia mkononi. Alisema anafurahi mtoto amepatikana. Alisema mlango na vioo atalipa yeye mwenyewe, bila kudaiwa. Kisha akasema angeomba arudishiwe nyumba kufikia mwisho wa mwezi. "Si kwa ubaya. Lakini watu wameshaongea sana, mama. Siku nyingine mtoto mwingine akipotea?"

Sellah hakujadiliana naye. Alikuwa amejiuliza swali hilohilo usiku mzima. Kila pikipiki ilipopunguza mwendo nje, alizima taa. Joy alikuwa amerudi kulala kati ya wazazi wake, na usiku huo mara mbili alikojoa kitandani, yeye ambaye aliacha akiwa na miaka mitatu.

Siku ya kuondoka kwa Phelista kurudi Bumula, Sellah alichemsha maji akamkanda magoti kama kawaida. Walikuwa peke yao.

"Usinisamehe haraka," Phelista alisema. "Nitaona kama unanihurumia."

"Sijakusamehe bado, Mayi."

"Sawa."

"Lakini ulitoka nje. Mimi sikutoka."

Mwanamke mzee aliweka mkono juu ya kichwa cha mkaza mwana wake na kuuacha hapo mpaka maji yakapoa.

*

Chesang aliwatafutia nyumba ya vyumba viwili Kitale, na kanta la kuhamisha vitu. Yeye mwenyewe hakuja Bungoma, Sellah alimkataza. Jumamosi asubuhi Jotham na dereva walikuwa wanapakia kitanda wakati pikipiki iliposimama mbele ya veranda. Sellah, aliyekuwa amebeba sufuria, alizitambua buti kabla ya kuinua macho.

"Niaje, Mama Joy," alisema Hesbon. "Ngoja nisaidie hiyo meza, ni nzito."

Alisaidia. Alibeba meza, akabeba kabati na Jotham, akafunga kamba kwa ustadi kuliko dereva. Walipomaliza Hesbon alijipangusa mikono kwenye suruali.

"Kwani mnahama kwa nini?"

Aliuliza kwa dhati. Sellah alimtafuta usoni dalili ya kejeli na hakuiona.

"Kazi," alisema.

"Ah, poa. Kitale iko na pesa." Kisha akakuna shingo. "Sasa hapo ndio kuna shida. Nimeitiwa kazi ya udereva kwa kampuni, wanataka pasipoti saizi nne, na hapa mjini hakuna mtu anapiga kama wewe. Unaeza nisaidia tu ya mwisho? Kabla uende?"

Kamera ilikuwa begani kwake. Alikuwa ameitoa kwenye unga, akaisafisha kwa brashi siku tatu. Jotham alisema, "Sellah, twende," lakini yeye alikuwa ameshamwelekeza Hesbon asimame mbele ya ukuta wa studio tupu, penye ule mraba mweupe, maana ndipo palipokuwa na mwanga mzuri.

"Funga kifungo cha juu," alisema. Hesbon akafunga. "Inua kidevu. Kidogo. Tazama hapa."

Sellah aliegemeza kiwiko mbavuni. Alingoja Hesbon akwepe macho. Watu wengi hukwepa. Hesbon alitazama ndani ya lenzi moja kwa moja, ametulia, uso safi kama wa mtu aliyeoga asubuhi na kusali. Sellah alibonyeza.

Alimwambia atamtumia kwa simu, akachapishe kwingine. Hesbon alishukuru sana, akawatakia safari njema, akampungia Joy mkono.

Walipopita Kamukuywa, Joy, aliyeketi katikati ya wazazi wake mbele ya kanta, alivuta mkono wa mama yake.

"Mama, huyo si ndiye alimwaga petroli?"

"Ndiye."

"Na umempiga picha?"

"Nimempiga."

"Kwa nini?"

Jotham aligeuka kumwangalia mkewe; hata yeye alitaka kujua. Sellah aliangalia barabara. Kulikuwa na majibu mengine ambayo mama angeweza kumpa mtoto, na kwa kilomita nzima aliyajaribu moja moja kichwani.

"Niliogopa kukataa," alisema.